Kumpasua panzi mwenye mnyoo

Panzi aliyevimba tumbo na kuwa mzito wa kuruka si lazima awe na mayai. Huenda ndani yake umejikunja mnyoo mweupe, mrefu kumshinda yeye mwenyewe. Jamii hii huitwa mermithi. Uliochunguzwa sana huko Ulaya na Marekani ni Mermis nigrescens: mvua ikinyesha, jike hutoka udongoni, hupanda majani na kuyabandika mayai. Panzi huyala pamoja na jani, kiluwiluwi hutoboa utumbo, kisha hufyonza chakula kupitia ngozi yake kwa wiki kadhaa. Siku ya kutoka, panzi hufa.

Kwa hiyo mnyoo unahitaji udongo wenye unyevu wa kujichimbia. Kwa hapa kwetu, anzeni mabondeni, kwenye kingo za mpunga baada ya masika. Uwandani kwenye maweni udongo ni haba mno juu ya jiwe.

Kamata asubuhi mapema, panzi wakiwa wazito kwa baridi. Waweke kwenye chupa yenye udongo mbichi, maana mnyoo ukitoka kwenye chupa kavu hunyauka upesi, ukabaki kama uzi usiotambulika.

Kosa kubwa ni kupasulia kwenye maji matupu. Mnyoo mchanga huyanyonya, huvimba na kupasuka. Tia gramu 9 za chumvi kwa lita moja, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi. Mkate panzi kichwa, ng'oa mabawa na miguu, chana ubavuni kwa mkasi mdogo toka mkiani, kisha funua taratibu.

Usidanganywe na nyuzi nyembamba za manjano zilizoshikamana na utumbo. Hivyo ni viungo vya panzi vya kutoa taka. Mnyoo haukushikana na kitu. Funza mnene mwenye pingili ni wa nzi. Mnyoo wa kahawia, mgumu kama unywele, unaojinyonganyonga dimbwini, ni gordio, ukoo mwingine kabisa.

Mermithi uue kwa maji ya nyuzi joto 60 hivi ili unyooke, halafu uhifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70: mililita 70 za spiriti ya 95, maji mililita 25. Ukitaka vinasaba, usiupitishe kwenye maji ya moto. Tia moja kwa moja kwenye ile ya 95.

Andika pia panzi wasio na mnyoo, na tunutu, yaani panzi wachanga, uwahesabu mbali.