Kanda za Nyatiti Nilizoachiwa na Mjomba

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu Siaya, aliniachia katoni ya kaseti 41 za nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo wa Kenya, alizozirekodi mwenyewe matangani na harusini. Nilizikuta nyumbani kwake Umoja, chini ya kitanda, zimeshika vumbi na baadhi zimeota ukungu. Kwa haraka yangu nikaitia mojawapo kwenye redio ya kawaida, nayo ikaila. Utepe ule uliokunjamana naujutia mpaka leo.

Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli aliniuzia deki kuukuu ya kuchezea kaseti, akanifunza kusafisha kichwa chake kinachosoma utepe kwa pamba yenye spiriti kabla ya kila kanda, na kuigeuza skrubu ndogo iliyo kando yake hadi kichwa kilingane na utepe. Usiku wa kwanza nilipoigeuza kidogo tu, sauti iliyokuwa kama inatoka mtungini ikafunguka, nikaisikia oduong'o, ile pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga ukingoni mwa chombo, ikijitenga waziwazi na nyuzi zote nane.

Kila kanda niliihamishia kwenye kompyuta kwa faili isiyobanwa, ya sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, nikahifadhi nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Faili hiyo ya kwanza siigusi. Kuna nyimbo zinazokwenda mbio kupita kiasi kwa sababu betri za mjomba zilikuwa zinaisha na utepe ukienda polepole alipokuwa akirekodi, lakini marekebisho hayo nayafanya kwenye nakala ya pili tu.

Kusambaza ndiko kulikonikalisha kitako kufikiri. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis huko Kapkatet mwaka 1950, na sauti zile zikakaa miongo mingi Afrika Kusini kabla ya nakala zake kurudishwa kwa wenyewe. Sikutaka watu wa Siaya wakutane na sauti za wazee wao kwenye intaneti kabla hawajaulizwa, hasa kwa kuwa mjomba hakuandika majina ya wapigaji, ila vijiji tu.

Nikasafiri na spika ndogo. Katika nyumba ya tatu, mama mmoja mzee aliniinulia mkono ninyamaze kabla hata uzi wa kwanza haujalia.

"Huyo ni baba, mwanangu. Kila alipotaka kuimba alikohoa hivyo."

Kikohozi hicho nilikuwa nimekwisha kukikata kwenye nakala iliyosafishwa, na kwa bahati siku ile nilicheza ile ya kwanza. Niliandika jina la baba yake pale pale, naye akanitamkia vizuri majina ya wanaosifiwa. Nyimbo tatu aliniruhusu nizitoe kwa watu wote. Wa nne, wa kumlilia kaka yake, aliomba ubaki kwa familia, na nakala yake nilimwachia mjukuu wake kwenye simu.