Siku niliyokaribia kusoma pesa kwa sauti

Saa kumi na moja alfajiri

Maji yamekatika tena huku Kayole, naoga kwa nusu ndoo niliyoweka akiba jana. Chai, kipande cha mkate, mlango. Matatu ya Jogoo Road inanishusha mjini kabla ya saa moja, kisha napanda Haile Selassie kwa miguu hadi Community. Kilima kile ndicho mazoezi yangu ya pekee.

Mimi ni karani wa mahakama, Milimani. Watu hudhani kazi yetu ni kuita majina na kubeba majalada. Tunabeba, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya siku mimi ni mdomo wa wengine. Wakili anauliza kwa Kiingereza, shahidi anajibu kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na katikati niko mimi nimesimama. Kesi ninayosimulia bado inaendelea, kwa hiyo sitaji majina, na mambo mengine nimeyageuza makusudi.

Saa mbili

Naitoa orodha ya kesi. Ya nne ni ulaghai wa mtandaoni, na pembeni ya jalada kuna maandishi ya penseli: sarafu fiche, vielelezo viwili. Yaani zile pesa za kidijitali, kama Bitcoin. Nafungua daftari langu la maneno. Ninalo tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, maana hakuna siku ambayo shahidi hajaniletea neno jipya. "Sarafu fiche" nililiandika humo zamani, nikaweka alama ya kuuliza, nami sijaifuta hadi leo. Fiche kitu gani? Kila muamala wa Bitcoin umeandikwa kwenye leja, daftari la hesabu la mtandaoni, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma. Kinachofichika ni jina la mwenye akaunti, si safari ya pesa. Wale mume na mke waliokamatwa New York Februari 2022 walinaswa kwa njia hiyo: Bitcoin zilizoibwa kwenye soko la Bitfinex mwaka 2016 zilifuatwa hatua kwa hatua miaka yote hiyo, na serikali ya Marekani ikashika zaidi ya 94,000, wakati huo zikiwa na thamani ya dola bilioni 3.6 hivi. Huo ufiche uko wapi?

Saa tatu

Kesi za kutajwa tu. Tarehe, tarehe, tarehe. Mmoja hajafika, dhamana yake inafutwa. Tuendelee.

Saa nne na nusu

Shahidi wa kwanza ni mama wa makamo, muuza mitumba Gikomba na mweka hazina wa chama chao cha akiba. Namwapisha. Anasimulia vizuri, bila haraka: kijana alimfundisha "kuwekeza", naye akatuma laki tatu na nusu kwa M-Pesa, kidogo kidogo, pesa za chama. Kwenye simu aliona faida ikipanda kila siku. Alipotaka kuitoa, kijana akazima simu.

Wakili wa utetezi anauliza kwa Kiingereza kama alikuwa na pochi yake mwenyewe ya kuhifadhia sarafu. Nami, kwa haraka ya kazi, namuuliza kama pochi ilikuwa yake.

Mama ananitazama kama mtu aliyetukanwa. Anainua mkoba wake mweusi. "Pochi yangu sikuibiwa. Hii hapa."

Mahakama nzima inacheka, hakimu naye anainamisha uso. Kosa langu. Nalisema upya: "Ile sehemu ya simu ambamo sarafu zinaonekana, funguo zake, ile siri ya kuzihamishia, ulikuwa nazo wewe au yeye?" Hapo anajibu mara moja: yeye. Kumbe neno moja la mkato lilitaka kunipotezea jibu lenye uzito kuliko yote ya asubuhi.

Anauliza na lake, ingawa shahidi haulizi: "Kwa nini hawakuzirudisha? Mimi nikikosea namba natuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudi." Hakimu anamwambia afisa wa upelelezi atalijibu hilo akipanda kizimbani.

Saa tano na robo

Afisa anapanda. Anaeleza kwamba pesa za mama ziligeuzwa sarafu za aina mbili. Nyingine zilikuwa USDT, na hizo zina kampuni iliyozitoa, Tether, ambayo inaweza kuombwa izifungie akaunti fulani zisisogee. Nyingine zilikuwa Bitcoin. Huko hakuna meneja wa kupigiwa simu wala 456. Mwenye funguo ndiye mwenye mali, awe mwizi, awe polisi. Kwa hiyo "kukamata" Bitcoin maana yake ni kupata funguo, kisha kuzihamishia sarafu kwenye anwani ambayo funguo zake ziko kwa serikali. Ukikamata simu tu ukaacha hapo, nduguye mshtakiwa aliye na nakala atazihamisha usiku, nawe umekalia kioo.

Funguo walizipata nyuma ya kalenda ya ukutani: karatasi yenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yaliyoandikwa kwa mkono. Afisa anaitoa kama kielelezo. Mshtakiwa ameomba kesi yote itafsiriwe kwa Kiswahili, ni haki yake, kwa hiyo karatasi inanijia mimi. Naishika. Nakohoa kidogo, kama kawaida yangu kabla ya kusoma.

"Usisome!"

Kiongozi wa mashtaka na afisa wamesema pamoja. Katika miaka yangu yote sijawahi kukatazwa kusoma kielelezo.

Afisa anafafanua. Sarafu zilizojulikana zilishahamishwa kwa amri ya mahakama, lakini maneno yaleyale huweza kufungua akaunti za sarafu za aina nyingine ambazo uchunguzi haujazifikia. Yakisomwa mbele ya watu arobaini, yeyote mwenye kumbukumbu nzuri na simu anaweza kutoka nje akawahi. Mwizi akiiba mahakamani, tena kwa msaada wa karani! Hakimu anaagiza karatasi itiwe kwenye bahasha na kufungwa kwa lakiri.

Isitoshe, tafsiri yangu isingefaa kitu. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048, na hata herufi zikikaa vibaya hakifunguki kitu. Orodha rasmi zipo za Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, hata Kicheki. Ya Kiswahili haipo. Nimeona wivu kidogo, nakiri.

Saa saba na nusu

Chapati na madondo kwenye kibanda, mimi na karani mwenzangu. Anataka vichekesho, nampa cha James Zhong wa Georgia, Marekani. Novemba 2021 wapelelezi walipekua nyumba yake wakakuta zaidi ya Bitcoin 50,000 alizozikwapua kwenye soko haramu la mtandaoni la Silk Road mwaka 2012. Nyingine zilikuwa ndani ya sefu chini ya sakafu, nyingine kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya kopo la bisi, kabatini, bafuni. Mwenzangu anaweka chapati chini. "Bisi zile za sinema?" Zilezile.

Saa nane na nusu

Nyuma ya ofisi, nasafisha kumbukumbu za asubuhi. Neno linalonisumbua sasa si pochi tena. Ni hatua za sheria yenyewe. Chini ya sheria yetu ya 2009 kuhusu mali ya uhalifu, Mamlaka ya Kutwaa Mali, ile ARA, huanza kwa kuomba Mahakama Kuu izuie mali isiguswe; kuitwaa kabisa ni ombi jingine, baadaye. Magazeti huita yote mawili "kunasa". Msomaji akaona pesa zimenaswa, akadhani zimerudi.

Na katikati ya kuzuia na kutwaa, bei haikai. Ujerumani, jimbo la Saxony liliuza karibu Bitcoin 50,000 katikati ya 2024 kwa euro bilioni 2.6 hivi, kwa kuwa sheria yao inaruhusu kuuza mapema mali inayoweza kuporomoka. Desemba mwaka huohuo Bitcoin moja ikapita dola 100,000. Watu wakawacheka. Mimi siwacheki. Ingeshuka, wangeitwa wazembe.

Saa kumi

Nakuta mama bado amekaa kwenye benchi la nje, pochi mapajani.

"Mwanangu, nikifika kwa wenzangu niwaambie pesa ziko wapi?"

Siruhusiwi kutoa ushauri. Namwambia tu alichosema afisa: zimezuiwa, hazijapotea, hazijarudi.

"Zikipanda bei, faida ni ya nani?"

"Mama, hilo muulize kiongozi wa mashtaka."

"Nimemuuliza. Ameniambia nisubiri." Anasimama, anajifunga leso vizuri. "Chama kinakutana Jumamosi."

Saa mbili usiku

Jogoo Road imesimama, mvua. Nimekaa dirishani. Ile karatasi niliishika labda sekunde tatu, lakini macho ya karani husoma kabla hajaamua kusoma. Maneno mawili ya mwanzo ninayo. La kwanza ni mnyama.

Nimejaribu kuhesabu mabati ya soko la Burma, nimejaribu kusikiliza redio ya dereva. Nafika Kayole bado ninalo.