Mama aliuliza kama wanalipwa

Mwaka 2023 nilikuwa nafanya kazi kwa nyumba ya wazee hapa Leeds, Uingereza, na mle ndani kulikuwa na makundi mawili tu, wapenzi wa Rhinos, timu ya raga ya mji huu, na wale wasiotaka kelele. Mimi nilivutwa kundi la Rhinos na mwenzangu wa shifti, dada mmoja wa hukuhuku aliyekuwa anachezea timu ya wanawake ya mtaani, siyo Rhinos wenyewe, ni zile timu za kujilipia ada na kujifulia jezi. Jumatatu alikuwa anakuja kazini vidole vimefungwa tepu nyeupe viwiliviwili, na kwa vidole hivyohivyo anamgeuza mzee mzito kitandani polepole, anamfunika vizuri, akishamaliza ndiyo anageukia ukutani anakunja uso. Huyo ndiye alinikatia tiketi ya fainali uwanja wa Wembley, London.

Raga naijua jamani, msinicheke. Nilicheza ile ya saba kwa saba nikiwa chuo Kenya, nikaenda hadi Driftwood pale Mombasa kupigwa na jua na kupigwa na wasichana wa Nairobi. Lakini raga iko aina mbili, na hiyo ya nyumbani ni yunioni. Kaskazini mwa Uingereza mchezo wa watu ni ligi, 13 kwa 13, na mara ya kwanza kuitazama kwa TV ya sebuleni pale kazini nikadhani refa amelala. Mtu anaangushwa, mimi nangoja wenzake wamrukie wagombanie mpira pale chini kama tulivyozoea, wapi, wanamwachia anasimama, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mambo yanaendelea. Mkishaangushwa mara sita mpira ni wa wapinzani, kwa hiyo ikifika ya tano hadi bibi kizee aliyekuwa anasinzia kwa kiti anajua teke linakuja. Trai, ile ya kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, siyo 5 kama ya yunioni. Kusema ni rahisi, kucheza wueh! Ukimaliza kumwangusha mtu unarudi nyuma mita 10 mbio, unakuja tena kumgonga mwingine, hakuna skramu ya maana, ile ya kusukumana mmeinama, ya kupumzikia. Yule dada alinipeleka mazoezini jioni moja nikala bega la mbavu, nikaamua ushabiki unanitosha.

Sasa siku yenyewe, 12 Agosti, basi letu liliondoka Leeds alfajiri. Wanaume walianza kuchezea fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la raga ya ligi, Wembley tangu 1929, wanawake ndiyo walikuwa wanaipata kwa mara ya kwanza, St Helens na Leeds, siku moja na ya wanaume, ila ya kwao ikawekwa ya kwanza kabisa wakati mashabiki wengi bado wako barabarani ama kwa foleni ya bia. Kwa hiyo tunaimba, tunapiga makofi, na viti vitupu vinatuangalia. Yule dada hakujali. Timu zilipotoka alinishika mkono kwa nguvu na hivyo vidole vyake vibovu, akasema tu, waone, waone.

Caitlin Beevers wa Leeds akanasa pasi ya Saints, yaani St Helens, akatoka nayo mbio, na mimi najua hiyo hali ya kukimbia peke yako mbele huku nyuma unasikia pumzi za watu, nilisimama juu ya kiti kama mtoto. Trai. Wanawake wa umri wa mama yangu walikuwa wanalia pale pembeni, wengine unawaona kabisa magoti hayakunji sawa, nikajua hao walicheza zamani kwa viwanja vya matope bila hata mahali pa kubadilishia nguo. Lakini Saints ni Saints. Walikuwa wamelibeba hilo kombe 2021 na 2022, wakarudi taratibu, wakatukaba katikati mpaka tukakosa hewa, ikaisha 22–8. Jodie Cunningham nahodha wao akapanda ngazi kulichukua. Nilimpigia makofi, tena ya kweli. Jodie alikuwa ameajiriwa na shirikisho la raga kuendeleza mchezo wa wanawake, yaani mchana anaufanyia kazi ofisini na jioni anaenda kuangushwa nao.

Tukiwa tunangoja wanaume (Leigh na Hull KR, iliisha 17–16 kwa droogoli, teke la kuudondosha mpira kwanza, ya muda wa ziada, hiyo nayo ni habari ya siku nyingine) mama akapiga WhatsApp kutoka Nakuru. Nikamgeuzia simu aone uwanja. Akashangaa ukubwa, akauliza mbona wasichana wana misuli hivyo, nikamwambia mama hao ni wachezaji. Akauliza swali moja tu.

"Na wanalipwa, mwanangu?"

Nikamtafsiria yule dada. Akacheka, akaniambia mwambie mama Leeds na York ndiyo kwanza wameanza mwaka huu kuwapa kitu, ila hicho kitu siyo cha kulipia nyumba. Wengi wanaamka kesho wanaenda kazini kama sisi. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hiyo ni harambee."

Yule dada alitaka nimweleze harambee ni nini, nikamweleza, akaipenda sana, mpaka leo anaitumia vibaya.

Lakini swali la mama lilinikaa, kwa sababu kuna mzee wetu pale kazini, mchimba makaa wa zamani, alikuwa ameshanisimulia hii ligi ilitoka wapi. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zilikutana George Hotel pale Huddersfield zikajitenga na wakubwa wa raga. Ugomvi ulikuwa pesa. Wachezaji wao walikuwa watu wa viwandani na migodini, Jumamosi akienda kucheza anakatwa mshahara, klabu zikataka kumfidia shilingi 6, waungwana wa kusini wakakataa, ati mchezo ni wa kujifurahisha. Ni rahisi kujifurahisha kama baba yako ana shamba! Mzee alikuwa anaisimulia kwa hasira kama vile alikuwepo. Na jioni hiyohiyo pale Wembley palichezwa fainali nyingine, Halifax na Batley, kombe lake linaitwa 1895 Cup. Sasa mimi nimekaa pale natazama jina la mwaka wa kufidia mshahara limebandikwa kila mahali, na wanawake waliofungua uwanja asubuhi wengine wamekuja kwa likizo zao.

Kwa basi tukirudi ndipo maneno yakawaka. Leeds ya siku ile ilikuwa imepungua watu. Georgia Roche, aliyechukua Woman of Steel, tuzo ya mchezaji bora wa kike wa mwaka, ya kwanza kabisa 2018 akiwa bado msichana mdogo, alikuwa ameenda Newcastle Knights Australia, na Fran Goldthorp naye akaenda North Queensland Cowboys. Kule NRLW, ligi yao ya wanawake, mwaka huo ilikuwa na klabu 10 na mkataba mpya, mchezaji wa chini kabisa dola 30,000 za Australia kwa msimu. Mama mmoja nyuma yetu akasema wametukimbia, wangekuwepo leo kombe lingekuwa kwa hili basi. Wengine wakaitikia. Nikasema, mimi nimeacha mama Nakuru nikaja kugeuza wazee wa watu kitandani kwa sababu ya mshahara, na hakuna hata mmoja kwa hili basi ameniambia nimekimbia. Yule mama akasema hiyo ni tofauti. Nikamuuliza tofauti iko wapi, akafungua mkebe wake wa sandwichi.

Yule dada wa tepu hakuchangia mpaka tumefika karibu na Sheffield. Akasema yeye angekuwa na miaka 20 angeenda bila kuaga, tena angewatumia picha ya bahari. Basi zima likacheka, na yule mama akatupitishia sandwichi.