Manchester na Kasri la Mtoni ni ndugu, msibishe

Wadau wa mpira wa Uingereza, hizo Manchester, Leicester na Newcastle mnazogombania kila wikendi zote zimebeba kipande cha neno la jeshi la Roma, na ndugu yake mwingine, neno kasri, yuko Unguja, hapo njia ya kwenda Bububu.

Kwa Kilatini ni castrum, ngome, ila kwa wingi castra ndo ikawa kambi ya askari. Na ile kambi ilikuwa shughuli! Mmetembea na mizigo mchana kutwa, jioni hakuna kukaa, mnachimba handaki la pembe nne, udongo mnaurundika upande wa ndani uwe ukuta, juu yake mnachomeka vigingi vyenye ncha mlivyobeba wenyewe, alafu mahema yanapangwa mitaa kwa mitaa ili kila mtu ajue kwake ni wapi hata usiku, kesho mnaondoka, jioni mnachimba tena. Mi ningetoroka mapema sana.

Kambi zingine zikabaki palepale zikawa miji. Mji wa Chester barabara zake kuu za katikati mpaka leo zinafuata mulemule walimopita askari wa legioni ya 20, yani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma. Miji hiyo Waingereza wa kale waliiita ceaster, ndo hizo Manchester, Lancaster, na Leicester ambayo wenyewe wanaimeza nusu wanasema Lesta. Newcastle imepita kwa mdogo wake, castellum, yani kingome, na ngome yenyewe ilijengwa 1080.

Huku mashariki sasa ndo patamu. Roma ilitawala Shamu na Misri karne nyingi, Wagiriki wakasema kastron, Waarabu wakaja kuwa na qasr, na maana ikapanda cheo, kutoka kambi ya vumbi mpaka jumba la mfalme. Luxor ya Misri ni al-Uqsur, yani makasri. Waislamu walipoingia Hispania 711 wakaenda nalo, likawa alcázar, kama lile jumba la Sevilla, wakati Wahispania walishakuwa na castillo yao waliyoirithi moja kwa moja toka Kilatini, kwahiyo neno moja limeingia nchi moja kwa milango miwili!

Sisi tukasema kasri. Watu wakishajibu "ni Kiarabu" wanafunga mjadala, kweli ni Kiarabu, ila Kiarabu nacho kilipokea. Kasri la Mtoni la Sultani Seyyid Said, alipozaliwa binti yake Bibi Salme 1844, na lile la Maruhubi la Sultani Barghash lililoungua 1899 zikabaki nguzo, yote jina lake limeanzia kwenye handaki la askari.

Na Fidel Castro naye yumo, baba yake alitoka Galicia, Hispania, na vilima vya kule vimejaa magofu ya ngome za kale ambazo mpaka leo wenyeji wanaziita castro.