Middle Claydon, nyumbani kwa Ralph na Mary Verney

Treni ya kwenda Aylesbury huanzia kituo cha Marylebone jijini London, na kwa muda wa saa moja hivi hukufikisha katikati ya mashamba ya Buckinghamshire. Kutoka Aylesbury nilikodi teksi kuelekea kaskazini-magharibi, kwa barabara nyembamba zilizopakana na ua wa vichaka pande zote mbili, hadi kijiji cha Middle Claydon, makao ya ukoo wa Verney. Jumba lenyewe linatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, lakini sehemu kubwa inayoonekana leo ilijengwa karne ya 18. Mimi niliwafuata waliotangulia, yaani Sir Ralph Verney, kabaila wa mashamba aliyezaliwa mwaka 1613, na mkewe Mary.

Nilianzia kanisani, hatua chache tu kutoka jumbani. Humo mna kumbukumbu ambayo Ralph aliiagiza kwa ajili ya watu wake, yenye sanamu nne: baba yake Sir Edmund, mama yake Margaret, Ralph mwenyewe, na Mary. Sir Edmund ana sanamu ilhali mwili wake haukupatikana. Alikuwa mshika bendera wa Mfalme Charles wa Kwanza, naye aliuawa katika pigano la Edgehill tarehe 23 Oktoba 1642, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge. Moyoni hakuridhika na vita ile, ila alisema kwamba alikuwa amekula mkate wa mfalme kwa karibu miaka 30 na hangeweza kumtupa saa ya shida. Huku baba akibeba bendera ya mfalme, mwana alikuwa mbunge wa Aylesbury upande wa Bunge, akiandika kwa penseli yaliyosemwa barazani. Mgawanyiko huo uliwaumiza wote, na barua zao zinauonyesha wazi.

Lakini aliyenisimamisha pale kwa muda mrefu zaidi ni Mary. Alikuwa yatima mwenye urithi, akaozwa mwaka 1629 akiwa na umri wa miaka 13, naye bwana harusi akiwa na 15. Ndoa ile ilipangwa na wakubwa kwa hesabu za mali, kama ilivyokuwa desturi ya tabaka lao, na hata hivyo wawili hao wakaja kupendana kwelikweli. Mwaka 1643 Ralph alikataa kula kiapo ambacho Bunge liliwataka wabunge wake wakile, kwa sababu dhamiri yake haikukikubali, akakimbilia Ufaransa pamoja na mkewe. Mali yake ikazuiliwa na Bunge, na madeni yakazidi kuongezeka.

Mwishoni mwa mwaka 1646 ni Mary aliyerudi Uingereza kuitetea mali hiyo, akiwa mjamzito, kwa kuwa mke alikuwa na nafasi ya kusikilizwa ambayo mumewe mkimbizi hakuwa nayo. Alizunguka London kutoka kwa mkubwa mmoja hadi mwingine, akisubiri milangoni na kuomba waliomfahamu wamsemee. Alipofika Claydon alikuta vitambaa vya nyumba vimechakaa na magodoro ya manyoya yameliwa na panya. Akajifungua mtoto wa kiume mwaka 1647, na mtoto huyo hakuishi. Katika majira yaleyale binti yao Peg akafariki kule Ufaransa, mikononi mwa baba. Pamoja na misiba hiyo miwili hakuiacha kazi, na Januari 1648 mali ikaachiliwa. Kwa maoni yangu, bila yeye ukoo huu ungepoteza Claydon, na nilifurahi kuona kwamba Ralph alimweka pamoja na wazazi wake, mahali panapomstahili.

Mary, aliyekuwa amerudi kwa mumewe, alifariki mjini Blois, Ufaransa, mwaka 1650. Ralph, aliyekuwa bado hawezi kurudi, aliagiza mwili utiwe dawa usiharibike na kusafirishwa hadi Middle Claydon ukazikwe. Yeye mwenyewe alirejea mwaka 1653, na hakuoa tena katika miaka zaidi ya 40 aliyobakiza. Akalipa madeni, akawaangalia dada zake waliokuwa wakimwandikia kuhusu posa na fedha, akamvumilia ndugu yake Tom aliyeomba pesa maisha yake yote. Kifungua mimba wake, Edmund, alimtangulia kaburini mwaka 1688. Kwa hiyo Ralph alipofariki mwaka 1696, mrithi akawa mwanawe mdogo, John, aliyekuwa amefanya biashara Aleppo, Syria, kwa miaka mingi.

Haya yote tunayajua kwa sababu Ralph hakutupa karatasi. Alitunza barua alizopokea pamoja na nakala za alizotuma, hata zile zilizomuumiza, na za karne ya 17 pekee zinapita 30,000. Katika karne ya 19 Parthenope, dada yake muuguzi mashuhuri Florence Nightingale, aliolewa na Sir Harry Verney, akajitolea kuzipanga na kuzisoma ingawa ugonjwa wa viungo ulikuwa ukimtesa.