Swali la Mjomba Kuhusu Turbini

Mjomba hakuamini kwamba turbini, mashine inayozungushwa na mvuke unaosukuma mapanga yake, inaweza kuongezewa nguvu bila kubadilishwa hata panga moja. Alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za mvuke miaka mingi kabla ya kurudi Tanga. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, niko likizo nyumbani kwake Ngamiani, na tasnifu yangu ilihusu jambo hilohilo.

Jumapili moja alasiri, tumekaa barazani, nikachukua kalamu nikamchorea. Safu ya kwanza ya mapanga imesimama, kazi yake kuuelekeza mvuke. Ya pili inazunguka na shafti, hiyo ndiyo inayochuma nguvu. Ya tatu imesimama tena, ya nne inazunguka. Hayo aliyajua kuliko mimi, nikayapita upesi.

Nikafika kwenye hoja yangu. Nyuma ya kila panga la safu ya kwanza hubaki ufito mwembamba wa mvuke uliolegea, uliopoteza kasi kwa kusuguana na chuma. Ufito huo husafiri hadi safu inayofuata ya mapanga yaliyosimama. Ukigonga ukingo wa mbele wa panga, huteleza ubavuni mwake pamoja na mvuke ambao panga hilo lingeuchelewesha vyovyote vile, na njia iliyo kati ya panga na panga hubaki safi. Ukipita katikati ya njia, unaharibu pale palipokuwa pazuri, na hasara zinakuwa mbili. Kwa hiyo lizungushe duara la safu ya tatu kidogo tu, pungufu ya nafasi iliyopo kati ya mapanga mawili, na ufanisi utabadilika.

"Kama nguzo za gati maji yakikupwa," akasema. "Ya nyuma hukaa kwenye kivuli cha ya mbele." Kisha akanishika mkono. "Lakini ngoja, mjomba. Hapo katikati pana gurudumu linazunguka mara 3000 kwa dakika. Huo ufito wako utafika mzima?"

Swali hilo nalipenda mpaka leo, maana ndilo kiini chenyewe. Haufiki mzima. Mapanga yanayozunguka huukata vipande vipande. Ila mapanga hayo yanafanana yote: kila moja hukutana na ufito mahali palepale, hukikata kipande chake, hukipinda na kukitoa upande uleule. Ukitazama kitambo kimoja unaona vurugu tupu. Ukichukua wastani wa muda, vipande vinapita kwenye michirizi iliyotulia, na michirizi hiyo ndiyo tunayoipangia safu ya tatu.

Nikamtajia jaribio lililochapishwa mwaka 1996, la turbini ya hatua mbili, yaani safu nne kama za mchoro wangu, ya pampu ya mafuta ya injini kuu ya chombo cha anga cha Marekani. Safu ya pili ya mapanga yaliyosimama ilihamishwa nafasi baada ya nafasi, na ufanisi, ukipimwa katikati ya urefu wa panga, ukatofautiana kwa takriban asilimia 0.8.

"Asilimia moja haifiki!"

Haifiki, nikamwambia, lakini kwenye mtambo wa megawati 100, hata nusu asilimia ni kilowati 500, usiku na mchana, kwa mafuta yaleyale na chuma kilekile. Hapo nilipandisha sauti, nakumbuka, kwa sababu niliona na bado naona kwamba kuziacha kilowati hizo zipotee ni israfu.

Akanyamaza, akaitazama karatasi. "Na idadi ya mapanga? Sisi tulikuwa tunahesabu. Safu hii na ile hazilingani."

Aligusa penyewe. Idadi za safu mbili zilizosimama zisipolingana, au zisipokuwa kwa uwiano mwepesi kama moja kwa mbili, ufito hugonga ukingo wa panga moja na kupita mbali na la jirani, faida na hasara zikafutana. Na wabunifu mara nyingi huzitofautisha kwa makusudi, kuepusha mitikisiko inayovunja mapanga. Tena ufito wenyewe huinama ukitoka shinani kwenda ncha ya panga, hivyo mpangilio unaofaa katikati huweza kukosea huko juu.

Tulikaa mpaka adhana ya isha, yeye akinitajia turbini alizowahi kuzifungua, mimi nikiandika. Sura ya nne ya tasnifu, ile ya idadi ya mapanga, niliianza usiku huohuo.