Kumbukumbu ya mradi wangu: MGB ya 1971, mpini wa ufagio na sentimita saba

Injini ya MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza, nimemalizana nayo. Inawaka kwa mguso wa kwanza, kabureta zote mbili za chapa ya SU zinavuta sawa, na nimejikataza kuigusa tena. Imebaki kazi ambayo sikuipangia muda wowote: kuliandaa gari na kumwandaa dereva kwa siku yetu ya kwanza kwenye uwanja wa mbio. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Imekula miezi mitatu.

Jumamosi ya kwanza: cha kuanikia taulo

Gari hili halina paa. Likipinduka, vinavyobaki juu ni viwili: fremu ya kioo cha mbele na kichwa changu. Fremu ile ilitengenezwa kubeba kioo na kushikia turubai, basi. Haikuundwa kubeba karibu tani moja ya chuma iliyolala kichwa chini.

Lilipofika kwangu lilikuwa na upinde wa bomba linalong'aa nyuma ya siti, nami nikaamini suala hilo limekwisha. Fundi wa kuchomelea aliushika kwa mkono mmoja, akautikisa, ukacheza. Akaniuliza, "Kaka, hiki ni cha kuanikia taulo?" Nilichukia kidogo, kisha nikainama kuangalia. Bomba jembamba, miguu imefungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi, hakuna bomba la mshazari, hakuna miguu ya kurudi nyuma. Pambo tupu.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinaeleza upinde wa kweli ukoje: bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo cha mm 45 na unene wa ukuta mm 2.5, au mm 50 kwa mm 2.0. Kila mguu hukaa juu ya bati la kuimarishia lenye unene usiopungua mm 3 na eneo la sentimita za mraba 120, kwa bolti tatu au zaidi, M8 za daraja la 8.8 kwenda juu. Hilo bati ndilo wengi hulidharau. Bila lenyewe, bomba zuri kuliko yote litaitoboa sakafu ya miaka hamsini kama msumari unavyotoboa debe. Sakafu yangu ilikuwa na kutu pembeni upande wa kulia, kwa hiyo kabla ya upinde kulikuwa na kukata, kuchomelea bati jipya na kupaka rangi. Wiki mbili ziliishia hapo.

Wiki ya tano: nilipima kama mjinga

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unakaa kwenye siti, mtu analaza mpini wa ufagio ulionyooka kutoka kilele cha upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kichwa chako lazima kiwe chini ya mpini, na pengo linalodaiwa sehemu nyingi ni inchi mbili, yaani sentimita tano.

Nilipima kabla ya kuagiza upinde. Nikapata sentimita mbili chini ya mpini, nikajiambia hizo tatu zilizobaki nitazipata kwa kuchomoa sponji ya siti. Nikaagiza. Upinde ukaja, tukaufunga, nikakaa, nikavaa helmeti, na mpini ukagota juu ya helmeti ukabaki hewani, sentimita mbili juu ya upinde.

Nilikuwa nimepima kichwa kitupu. Tena nilikuwa nimekaa kama mtu anayerudi nyumbani jioni, mgongo umelegea. Helmeti peke yake iliongeza karibu sentimita nne. Kutoka mbili juu hadi tano chini ni sentimita saba, na mtu mzima hapunguzi urefu.

Nne nimezipata kwenye siti. Ile ya asili imetoka pamoja na reli zake na vipande vya mbao vilivyokuwa chini ya reli, na mahali pake imekaa siti ya mgongo mmoja usiokunjika, imefungwa moja kwa moja sakafuni. Haisogei mbele wala nyuma, kwa hiyo gari sasa ni la miguu yangu tu. Tatu nyingine zimetoka kwa kurudisha ule upinde na kuchukua wa juu zaidi. Gharama yake ni kwamba turubai haifungiki tena. Nimeitoa na fremu yake yote, inaning'inia ukutani. Mvua ikinyesha nitalowa, na sijutii.

Baada ya kufunga, bomba lote linaloweza kufikiwa na helmeti linavikwa sponji ngumu. Ile laini ya kuzuia baridi kwenye mabomba ya maji haifai, ibonyeze kwa kidole utaona kidole kinafika kwenye chuma.

Mikanda, na mpangilio wake

Hapa nina msimamo. Mkanda wa mbio wa ncha sita, yaani unaofungwa sehemu sita, bila upinde ni hatari kuliko mkanda wa kawaida. Unakufunga wima kabisa kwenye siti, na gari likilala kichwa chini mwili hauna pa kwenda, wewe ndiye unageuka kuwa nguzo. Upinde kwanza, siti pili, mkanda tatu.

Mikanda ya mabega nilikuwa nataka kuifunga sakafuni nyuma ya siti kwa sababu matundu yapo tayari. Nashukuru nilisoma kabla ya kutoboa: mkanda unaoshuka wima kutoka begani hukandamiza uti wa mgongo gari linapogonga. Yangu imefungwa kwenye bomba la mlalo la upinde, karibu na kimo cha mabega, ikishuka kidogo tu kuelekea nyuma. Mikanda miwili ya kati ya mapaja inazuia mwili usiteleze chini ya ule wa kiunoni.

Mkanda huu unashika mabega, haushiki kichwa. Kwa hiyo nimechukua HANS, kile kifaa cha shingoni alichokibuni Robert Hubbard, mtaalamu wa biomekanika, pamoja na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, miaka ya 1980. Formula 1 iliwachukua hadi 2003 kukifanya lazima. Mimi sina sababu ya kungoja.

Helmeti yenyewe ni ya alama ya Snell SA, ya mbio za magari. Nilikuwa na nzuri ya pikipiki, ya alama M, lakini SA hupimwa pia kwa moto na kwa kugongwa mara kadhaa kwenye bomba la upinde, na hayo mawili ndiyo yaliyo nyuma ya kichwa changu. Taasisi ya Snell ilianzishwa mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya dereva William Snell kufa mashindanoni kwa majeraha ya kichwa.

Kitu kidogo ambacho wenye magari ya paa hawakijui: kamba za mikono. Gari la wazi likibiringika, mikono hurushwa nje. Kamba hufungwa kwenye mkono chini ya kiwiko, na ncha yake inaingia kwenye kifungio cha mkanda, hivyo ukifungua mkanda nazo zinaachia. Nilijaribu kutoka garini nikiwa nimevaa kila kitu. Mara ya kwanza sekunde ishirini na nne na matusi. Mara ya kumi, tisa.

Wiki ya nane: betri na swichi

MGB za umri huu zina betri mbili za volti 6 nyuma ya siti. Moja ya kwangu haikuwa na kifungio kabisa, ilikuwa imekaa kwa uzito wake na dua za mwenye gari. Nimeweka moja ya volti 12, yenye fremu ya chuma na bolti mbili, na waya wa hasi umezungushiwa utepe wa njano ili wa uokoaji wauone.

Swichi ya kukata umeme niliyonunua kwanza ilikuwa na ncha mbili. Nikaifunga, nikawasha gari, nikaizima swichi. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba sikuigusa. Altaneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka, ilikuwa inalisha mfumo wa kuwashia peke yake, na pampu ya petroli, ambayo ni ya umeme na iko nyuma, ingeendelea kusukuma vilevile. Inatakiwa ya ncha sita, inayokata betri na mfumo wa kuwashia kwa pamoja. Sasa inazima kweli.

Kizima moto cha povu kimefungwa sakafuni kwa mikanda ya chuma. Kishikio cha plastiki kilichokuja nacho kimeingia pipa la taka.

Breki na tairi, kwa haraka

Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155, na diski za mbele kwenye uwanja zinafika huko bila shida. Nimebadilisha yote, pamoja na mipira ya mabomba. Tairi zilikuwa na meno mazuri sana na namba 0911 pembeni, yaani wiki ya tisa ya 2011. Zimekwenda. Springi ya pili ya kufunga kabureta ukiachia pedali ya mafuta, kopo la kukusanya mvuke wa oili, maji matupu kwenye rejeta ili yakimwagika yasifanye njia iteleze: jioni moja.

Siku yenyewe

Mkaguzi alinikalisha, akanifunga, akalaza fimbo yake, akapitisha vidole vitatu kati yake na helmeti. Akavuta betri. Akazima swichi injini ikiwa inanguruma. Kisha akaingiza mkono chini ya siti na kutoa spana ya nusu inchi niliyokuwa naitafuta tangu wiki ya nane. Akanipa bila kusema neno.

Nilizunguka mara kumi na mbili katika vipindi viwili. Pedali ya breki haikulegea. Ila HANS hainiruhusu kugeuza shingo, na kioo cha ndani kinaonyesha bomba la upinde tu, kwa hiyo waliokuwa nyuma yangu nilikuwa nawajua kwa sauti. Wikendi ijayo nafunga kioo kipana.